Maneno Mepesi Yanayopoteza Mashamba

 

Nimeombwa niwaeleze ninyi mlioteremka kutoka Kinole, Mkuyuni, Matombo na Mgeta, nanyi wenyeji wa hapa Morogoro mjini, maneno ya sheria na ya mahakamani kwa lugha ya kawaida. Nitafanya hivyo, ila sitawasomea kamusi. Maneno magumu hayajawaumiza sana watu wa milima yetu ya Uluguru. Mwananchi akisikia “hukazahukumu” au “hati ya kiapo kinzani”, anajua palepale kwamba hakuelewa, na asiyeelewa huuliza: atamwendea karani, atamtafuta kijana wa ukoo anayesoma Chuo Kikuu Mzumbe, atampigia simu ndugu aliyeko Dar es Salaam. Wanaoumia ni wale waliosikia neno jepesi. Kutajwa. Kupokelewa. Kuondolewa. Msimamizi. Mchango. “Sina swali.” Maneno haya tunayajua tangu utotoni, kwa hiyo hatuyaulizi. Ndani ya chumba cha mahakama yana maana nyingine, na nyuma ya maana hiyo mara nyingi kuna siku zinazohesabiwa.

Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikiendesha mashauri kwa Kiswahili miaka yote. Huko juu mambo yalikuwa tofauti: shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu au jaji akaandika kwa Kiingereza, na hukumu ikamrudia mkulima katika lugha asiyoisoma. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, huku Kiingereza kikibaki kinaruhusiwa pale maslahi ya haki yanapokihitaji. Nilifurahi sana siku ile na bado nafurahi. Hata hivyo mabadiliko yale yameleta hatari yake. Zamani mama wa Mgeta alitoka mahakamani akijua kwamba hajaelewa. Leo anatoka akiamini ameelewa kila kitu.

Kwa nini nasisitiza milima yetu? Kwa sababu Uluguru ina historia ndefu ya mashauri ya ardhi. Mashamba ni madogo, yako kwenye miteremko, watu ni wengi, na haki ya kulima inapita katika ukoo wa mama. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliinuka kupinga amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta milimani, na mtu akapigwa risasi akafa. Mwaka 1993 mtafiti Jan Kees van Donge alichapisha katika jarida la Africa uchunguzi wake kuhusu migogoro ya mashamba kule Mgeta, akaitaja hali hiyo waziwazi katika kichwa cha makala yake: kutokuwa na uhakika wa sheria. Wakati ule mashauri hayo yalipelekwa Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Namba 2 ya mwaka 2002, ilikuja kuyahamishia kwenye mabaraza. Milango ikabadilika, na wengi wetu bado tunabisha hodi kwenye mlango wa zamani.

Sasa tuchukue mfano. Nautunga mwenyewe, lakini kila kipande chake ni jambo linalotokea. Mama mmoja wa Kinole ana shamba la migomba, michungwa na mdalasini alilolipata kwa upande wa mama yake. Zamani bibi yake alimkaribisha mtu kulima kipande cha shamba hilo, na mtu huyo akawa anatoa ngoto kwa mkuu wa ukoo, kama mila ya Kiluguru inavyotaka kwa anayelima ardhi ya watu. Mtu huyo amefariki. Wanawe wamepanda michungwa yao na sasa wanasema shamba ni la baba yao.

Mama anakwenda Baraza la Kata. Sawa, aanzie hapo. Ila ajue kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua nani mwenye shamba. Kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha. Kusuluhisha maana yake ni kuwasaidia mkubaliane wenyewe. Kuamua ni kusema huyu ameshinda, yule ameshindwa. Siku 30 zikipita bila mapatano, kila mmoja ana haki ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo mtu akikuonyesha karatasi yenye muhuri wa kata ya mwaka jana akisema “baraza limeniamulia”, tazama tarehe. Maamuzi yaliyotolewa zamani, wakati kata ilipokuwa na mamlaka hayo, ni suala jingine na yana nguvu yake.

Huko wilayani, jambo la kwanza ni wito, tunaouita samansi. Wako ndugu zetu ambao wakimwona mpeleka samansi wanaingia migombani. Wanadhani asiyepokea karatasi hajaitwa. Baraza likiridhika kwamba umefikiwa ukakataa, litasikiliza shauri upande mmoja: mwenzako atasema peke yake, shahidi wake hataulizwa na mtu, na uamuzi utatoka. Una siku 30 tu za kuomba uamuzi huo uwekwe kando, tena kwa sababu ya kuridhisha. “Nilijificha” haimo katika sababu hizo.

Halafu linakuja neno lenye gharama kubwa kuliko yote kwa mtu wa milimani: kutajwa. “Shauri limepangwa kutajwa tarehe fulani.” Mama wa Kinole anasikia kwamba shauri lake litasemwa. Anakusanya mashahidi wanne, wawili kati yao vikongwe, anauza mikungu ya ndizi apate nauli ya wote, wanateremka hadi mjini. Saa tatu asubuhi shauri linaitwa, mwenyekiti anauliza kama majibu ya upande wa pili yameletwa, anapanga tarehe nyingine, basi. Dakika tano. Mara ya pili hali ileile. Mara ya tatu vikongwe wamechoka, nauli imekwisha, anakuja peke yake. Na siku hiyo shauri limepangwa kusikilizwa.

Kutajwa ni siku ya kutazama shauri limefika wapi: nyaraka zimekamilika, mtu ameitwa, kuna pingamizi. Lazima ufike, lakini mashahidi waache nyumbani. Kusikilizwa ni siku ya ushahidi, na hapo uje nao wote. Mtu akitoka humu leo na jambo hili moja tu, ninaridhika. Kila tarehe inapotolewa, simama useme: “Mheshimiwa, naomba kujua, tarehe hiyo ni ya kutajwa au ya kusikilizwa?” Ni swali la heshima, na ni la haki yako.

Siku ya kusikilizwa imefika. Hapa kuna mambo ya ushahidi ambayo yanakwenda kinyume na mazoea yetu ya barazani kijijini. Kijijini mwenye watu wengi upande wake huonekana ana haki. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, haitaki idadi maalumu ya mashahidi kuthibitisha jambo. Shahidi mmoja aliyeona kwa macho yake bibi akimwonyesha mgeni mpaka wa shamba anawashinda kumi waliosimuliwa. Kusimuliwa huko ndiko kunaitwa ushahidi wa kusikia, na kwa kawaida haupokewi kuthibitisha kwamba lililosimuliwa ni kweli. Katika madai kama haya anayedai ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha, na kipimo ni uzito: ushahidi wa nani unaelekea zaidi kuwa wa kweli. Katika jinai kipimo ni kikubwa zaidi, kwa sababu Jamhuri inatakiwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiwa huru katika kesi ya kukata migomba yako, na wewe bado ukamdai fidia kwa migomba ileile ukalipwa.

Neno kupokelewa. Mama ana karatasi ya zamani yenye alama za dole gumba za wazee, inayoonyesha ngoto ilivyotolewa. Aliiambatisha kwenye maombi yake tangu mwanzo, kwa hiyo anaamini baraza limeshaipokea. Halijaipokea. Kilichoambatishwa bado si ushahidi. Siku ya kutoa ushahidi lazima aitaje, aeleze ilikotoka, aombe ipokelewe iwe kielelezo, upande wa pili uulizwe kama unapinga, kisha baraza liipe alama. Akikaa chini bila kufanya hivyo, karatasi itabaki ndani ya jalada na mwenyekiti hataweza kuitegemea katika uamuzi wake, hata kama ameiona kwa macho.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye maneno mawili yanayonisikitisha kuliko mengine yote. Shahidi wa upande wa pili amemaliza kusema. Amesema uongo mtupu: kwamba bibi aliuza shamba, kwamba pesa zilihesabiwa mbele ya mashahidi, kwamba ngoto haikuwahi kutolewa. Mwenyekiti anamgeukia mama: “Una swali kwa shahidi?” Na mama, aliyelelewa kwamba mtu mwenye adabu habishani na mtu mzima hadharani, tena anayejua kwamba zamu yake ya kusema inakuja, anajibu kwa upole: “Sina swali, Mheshimiwa.”

Mahakama zetu, hadi Mahakama ya Rufani, zimesema mara nyingi kwamba asiyemhoji shahidi juu ya jambo la msingi anahesabiwa kuwa amelikubali jambo hilo. Adabu ile imeandikwa kwenye mwenendo wa shauri kama kukiri. Atakaposimama baadaye kusema bibi hakuuza, ataulizwa: mbona hukumhoji shahidi? Maswali ya kumhoji shahidi wa upande wa pili yanaitwa ya dodoso, na hayahitaji ufundi wa wakili wala sauti ya ukali. “Wewe ulikuwepo siku hiyo ya kuuza?” “Pesa zilikuwa kiasi gani?” “Nani mwingine alikuwepo?” “Nikikwambia kwamba baba yenu alitoa ngoto mpaka mwaka aliofariki, utakataa?” Swali la mwisho lina faida hata shahidi akikataa, kwa sababu limeweka kwenye kumbukumbu kwamba wewe unapinga. Wazee wangu, ninawaomba mtusaidie katika hili: wafundisheni vijana na akina mama wa ukoo kwamba kumwuliza shahidi mahakamani si kumvunjia heshima.

Wana wa yule marehemu wana hoja yao nzito, nayo ni ya miaka. Wanasema baba yao alikaa pale zaidi ya miaka 12, na sheria ya ukomo wa muda inasema anayedai ardhi adai ndani ya miaka 12. Ni kweli, kipindi cha kudai ardhi ni miaka 12, cha madai ya mkataba ni miaka 6, na cha madai ya madhara mliyotendeana bila mkataba ni miaka 3. Ukisinzia, haki yako inakosa mlango wa kuingilia. Lakini miaka hiyo haimsaidii mtu aliyekaribishwa. Mahakama Kuu ilisema hivyo tangu miaka ya 1960 na Mahakama ya Rufani imerudia: mwalikwa hageuki kuwa mwenye ardhi dhidi ya aliyemwalika, akae muda gani, hata ajenge, hata apande miti. Na ngoto ni nini kama si ushahidi wa mwaliko? Aliyekuwa akiitoa alikuwa akikiri kila mara kwamba shamba lina wenyewe. Mila yetu iliweka kumbukumbu ambayo sheria ya leo inaiheshimu, mradi mtu awepo wa kuithibitisha. Tatizo ni kwamba ngoto imeacha kutolewa sehemu nyingi, wazee walioishuhudia wanapungua, na kilichobaki ni “inajulikana”. Mahakama haipokei “inajulikana”. Koo zenye busara ziandike sasa, wazee wakiwa hai: nani analima wapi, kwa ruhusa ya nani, tangu lini, na mashahidi watie saini.

Wengine huniuliza kama shamba la kimila lisilo na hati lina thamani yoyote mbele ya sheria. Lina thamani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilisema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Hatimiliki ya kimila inayotolewa kijijini chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inarahisisha kuthibitisha haki hiyo. Kutokuwa nayo hakuifuti haki yenyewe.

Tuje kwenye mwisho wa shauri, mahali ambapo mashamba mengi hupotea. Baraza linaweza kumaliza kwa njia mbalimbali, nasi tunaziita zote “kesi imetupwa”. Redio nazo husema hivyo. Shauri likiondolewa kwa sababu ya kasoro, kwa mfano limeletwa pasipohusika au mtu muhimu hakuunganishwa, unaweza kurekebisha kasoro na kulileta upya, mradi muda haujaisha. Shauri likitupiliwa mbali baada ya kusikilizwa, limekwisha mahali hapo. Huwezi kulianza tena, njia iliyobaki ni rufaa. Nimeona watu waliokata tamaa wakati mlango ulikuwa wazi, na wengine waliofungua shauri jipya juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa, wakalipishwa gharama. Ukisikia limetupwa, uliza: limeondolewa au limetupiliwa mbali?

Na rufaa ina siku zake. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Shauri hilohilo likitoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine, na ombi la rufaa linawasilishwa katika Mahakama ya Wilaya ileile iliyotoa uamuzi, nayo inalipeleka juu. Wengi wamekimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja wakarudishwa huku siku zikiisha. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Katika jinai, aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi anatakiwa kutoa notisi ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Aliye gerezani apitishie kwa mkuu wa gereza.

Siku hizo zinaanza lini? Kwa rufaa ya kutoka Baraza la Wilaya, muda uliotumika kungojea nakala ya hukumu unaondolewa katika hesabu, kwa hiyo omba nakala kwa barua, ubaki na nakala ya barua hiyo yenye muhuri wa kupokelewa. Kwa rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo, sheria haikulazimishi kuambatisha nakala ya hukumu. Maana yake ni kwamba anayekaa Matombo akingojea nakala iwe tayari, akidhani hesabu imesimama, anaweza kufika Wilaya siku ya 40 akaambiwa amechelewa. Hapo atalazimika kuomba kuongezewa muda, na kuomba huko ni shauri jingine, ambamo ataulizwa alikuwa wapi kila siku aliyochelewa. Kusema hakujua sheria hakutamsaidia. Wako wanaoitaja Ibara ya 107A ya Katiba, inayozitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ni ibara nzuri, naipenda, lakini mahakama zimekataa kuitumia kufuta ukomo wa muda.

Niingie kwenye mirathi, maana huko nako kuna neno moja linalovunja familia. Msimamizi wa mirathi si mrithi wa mali zote. Mahakama ya Mwanzo inapomteua msimamizi, inampa kazi: akusanye mali ya marehemu, alipe madeni yake, awagawie wanaostahili, kisha atoe hesabu. Ndani ya miezi minne anapaswa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, katika Fomu Namba V, na baadaye hesabu ya mgawanyo katika Fomu Namba VI. Lakini mtu huyu tunaanza kumwita “mwenye mirathi” siku anayopata barua ya uteuzi, na yeye anaanza kujiona hivyo. Anauza shamba la kwanza kwa kisingizio cha gharama za kesi, la pili bila kisingizio. Warithi wanakaa kimya kwa sababu “mahakama imemteua”. Mahakama hiyohiyo inaweza kumtengua. Mrithi yeyote ana haki ya kwenda kwa karani na kuuliza: Fomu Namba V imeletwa?

Kwetu Uluguru kuna swali la kutangulia kabla ya orodha hiyo. Shamba hili lilikuwa la marehemu, au lilikuwa la ukoo naye alikuwa akilima tu? Aliyelima shamba la ukoo wa mama yake hakuwa mwenye shamba peke yake, na msimamizi hawezi kugawa kisichokuwa cha marehemu. Shamba alilonunua kwa pesa zake za karoti na kabichi kule Nyandira ni mali yake, na linaingia kwenye orodha. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, ambalo mahakama nchini hulitumia sana, liliandikwa kwa kufuata jamii zinazohesabu ukoo kwa baba. Sisi tunahesabu kwa mama. Mluguru anayekwenda mahakamani akanyamaza juu ya mila yake asishangae akihukumiwa kwa mila ya watu wengine. Mila nayo huthibitishwa kwa mashahidi: leta mzee anayeijua, aieleze.

Katika ndoa neno ni mchango. Sisi tukisema mchango tunafikiria pesa. Mke anayedai sehemu ya nyumba baada ya talaka anaulizwa mchango wake, anajibu kwa unyonge, “Sikuwa na kazi.” Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona alikuwa ameshapewa fedha na mumewe akazitumia vibaya. Lakini kanuni iliyowekwa siku hiyo imewanufaisha wanawake wengi baada yake. Kwa hiyo mama, usiseme hukuwa na kazi. Sema uliamka saa ngapi, ulipika kwa ajili ya nani, ulibeba matofali mangapi, ulilima shamba gani wakati mwenzako yuko mjini.

Jinai nitaigusa kwa haraka. Dhamana kwa makosa yanayodhaminika ni haki, na haiuzwi, si kituoni wala mahakamani. Mdhamini hanunui mtu. Anasaini ahadi ya kulipa kiasi fulani iwapo mshtakiwa atatoroka, kwa hiyo asaini kwa ajili ya mtu ambaye anajua anapolala. Mtuhumiwa ni anayeshukiwa, mshtakiwa ni aliyekwisha kusomewa shtaka, na wote wawili bado hawana hatia mbele ya Katiba, Ibara ya 13. Na furaha yenu ya “kaachiwa” muipime. Aliyeachiwa baada ya mahakama kusikiliza ushahidi na kuona hana hatia, ameachiwa huru. Aliyeachiwa kwa sababu mashtaka yameondolewa kabla ya hapo anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Muulizeni wakili au karani ni kuachiwa kwa namna gani kabla ya kuchinja mbuzi.

Nani atawasaidia? Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017, imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu wa vijijini kwenu waliopewa mafunzo na kusajiliwa. Hawatoi huduma hiyo kwa malipo. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili, lakini wanaweza kukusomea samansi, kukuelekeza mlango unaofaa na kukuhesabia siku. Na tangu mwaka 2021 tuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki hapa Morogoro, kikiwa na Mahakama Kuu ndani yake. Kabla ya hapo rufaa ya shamba la Mgeta ilikuwa safari ya Dar es Salaam, kilomita zipatazo 190 kutoka hapa mjini, mbali na mwendo wa kuteremka mlima. Wengi waliacha haki zao barabarani kwa kukosa nauli. Sasa mlango uko karibu, na asiyejua siku zake ataukuta umefungwa vilevile.

Waheshimiwa mahakimu na wenyeviti wa mabaraza mlioko hapa, ninalo ombi kwenu. Mnaposema “haki ya kukata rufaa imeelezwa”, mnakuwa mmetimiza sheria. Lakini mkulima aliyeshindwa sasa hivi, masikio yake hayasikii vizuri. Mwandikieni kwenye kipande cha karatasi tarehe kamili ya mwisho, 14 Machi au 2 Juni, na jina la ofisi ya kupeleka. Mnapoahirisha, ongezeni maneno matatu au manne: “usije na mashahidi”, au “njoo na mashahidi wote”. Mtu asiye na wakili akisema “sina swali”, mwelezeni kwanza maana yake, kisha mwulizeni tena.

Nanyi ndugu zangu wa milimani, siku ya hukumu, umeshinda au umeshindwa, usitoke mlangoni kabla ya kumwuliza karani: siku ngapi, kuanzia lini, napeleka wapi? Andika majibu hapohapo, na kama huandiki, nenda na mtoto anayeandika.